Njia ya Nne ya Kuwa Nahodha wa Tagi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Nitakuwa nahodha wa tagi. Tagi ni ile boti fupi, nene, yenye shingo ya ukaidi, inayosukuma meli kubwa hadi gatini. Naiona kila siku kwenye dirisha la kantini ya bandari, ninakoosha vyombo. Meli inakuja ndefu kama mtaa, imejaa kiburi. Tagi inaiegemea ubavuni polepole, haigombi, na meli inakwenda inakotakiwa. Kazi hiyo naijua. Ndiyo ninayoifanya kila siku kumpeleka Bosi kulala. Bosi ni mtoto wetu. Meno anayo sita, usingizi hana.

Leo nahodha mwenyewe kaja kunywa chai. Nikampa kikombe kisicho na ufa, nikamwuliza mtu hufikaje pale alipofika yeye. Akasema njia ni tatu. Ya kwanza, unaanzia chini: unakuwa baharia wa sitaha, unasugua, unarusha kamba, unahesabiwa saa zako za majini, unapewa usukani, unafanya mtihani, unakuwa msaidizi wa nahodha, na ukiwa bado hai unakuwa nahodha. Ya pili, unakwenda chuo cha ubaharia, na ukirudi na cheti chako unasugua. Ya tatu, unakuja na leseni ya meli nyingine, unaambiwa meli si tagi, unasugua. Nikauliza kama hakuna ya nne. Akasema ipo, ninunue tagi.

Maombi nimeshapeleka, ya kuwa baharia mwanafunzi. Nafasi ni moja. Tuliobaki ni wawili, mimi na Kamba. Kamba ni mpakiaji mizigo wa hapahapa, kifua kama kabati la nguo. Hujisifu kwamba alipozaliwa alijifunga kitovu mwenyewe, fundo la kibaharia. Leo kaniambia baharini hakuna sabuni ya vyombo. Nikamjibu ndiyo maana mabaharia wananuka. Sasa hatusemezani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Balaa. Nahodha katamka, huku akipuliza chai kama si neno kubwa, kwamba kabla ya yote mtu hupimwa macho. Gizani chombo huwasha taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Asiyezitofautisha atamgonga mwenzake. Asiyejua rangi hapiti, kwa njia ya kwanza, ya pili wala ya tatu.

Mimi sijui rangi. Ni jambo linalojulikana ukoo mzima. Mume wangu ni mwokaji mikate, mtu mpole, hajawahi kunidanganya, naye amekuwa akinisahihisha tangu tuoane. Nikisema blanketi la Bosi ni la kijani, anasema la kahawia. Nikisema nyanya zimeiva, anasema mbona zile mbichi. Mama mkwe, anayekaa nasi na kumlea Bosi nikiwa kazini, humuunga mkono mwanawe katika kila kitu, hata hali ya hewa. Wawili kwa mmoja. Nilishachoka kubishana. Siku tuliyokutana ningeapa nilivaa gauni jekundu. Lakini yeye kalisimulia gauni la kahawia mbele za watu mara nyingi hata nikaanza kulikumbuka hivyo.

Sikubali. Mwanamke aliyezaa hashindwi na taa mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango umepatikana. Baharia mmoja mwenye kipara, mteja wetu wa supu, aliwahi kupimwa. Anasema daktari ana kitabu cha picha za madoadoa, kama mtu mwenye surua, na katikati ya kila picha imefichwa namba. Unasoma namba, umepita. Na namba zote anazo kichwani kwa mpangilio wake. Alitaka vipande viwili vya nyama zaidi. Nikampa vitatu ili asiruke hata moja.

Nne, sabini na mbili, kumi na moja, tisa, hamsini na tatu, sita. Zinaendelea hivyo. Nimezitungia wimbo nimbembelezee Bosi, ili kazi mbili ziende pamoja. Bosi kalala kabla sijafika hamsini na tatu. Haijapata kutokea! Mama mkwe kasimama mlangoni akauliza huu ni wimbo gani wa mtoto usio na mtoto ndani yake. Nikamwambia ni wimbo wa kwetu. Akasema ahaa, sasa anaelewa mengi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Baada ya macho kuna mtihani wa kurusha kamba. Ni kamba nyembamba yenye fundo zito mwishoni. Unairusha juu melini, wanaidaka, nayo ndiyo inayovutia ile kamba nene ya kukokotea. Nimejaza mchanga kwenye soksi ya mume wangu, nikaifunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikatoka uani.

Mrusho wa kwanza ulirudi kwangu. Wa pili ulimwangusha jogoo wa jirani, akainuka, akatembea kama mwenye nyumba aliyetukanwa. Wa tatu ulikuwa mzuri sana, mrefu, wa moja kwa moja, nao ukanasa kreti ya mikate nyuma ya baiskeli ya mume wangu aliyekuwa anatoka. Nikavuta, maana ndivyo ulivyo mtihani. Mume wangu kabaki kwenye baiskeli. Mikate ikaja kwangu.

Hakufoka. Aliokota mkate mmoja mmoja, akaugonga chini kwa kidole na kusikiliza, kama anavyofanya akiutoa tanurini. Kisha akauliza kama meli nazo zitakuwa zimebeba mikate. Mtu huyu nampenda, ila soksi simrudishii.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama mkwe kanuna. Kumbe alizishika namba za wimbo akaenda kuchezea bahati nasibu, akidhani kwetu tuna siri ya utajiri tunayowaimbia watoto tu. Hakupata hata moja. Kasema nyimbo za kwetu hazina baraka. Nikamwomba radhi kwa niaba ya ukoo, nikambebea ndoo yake ya maji. Nikikosana naye, Bosi atabaki na nani?

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku mbaya. Naiandika upesi, Bosi yuko pajani anaivuta kalamu.

Kamba aliingia kwanza kupimwa macho, akatoka anapiga mluzi. Nikaingia mimi. Daktari ni mama wa makamo, miwani kwenye kamba shingoni, sauti ya chini. Kafungua kitabu. Picha ya kwanza niliona namba waziwazi, arobaini na tano, imekaa pale kama kunguru kwenye shuka jeupe. Macho yangu yaliniambia arobaini na tano. Nikayakataa. Macho haya yameshaniaibisha vya kutosha. Nikasema nne.

Picha ya pili niliona saba. Nikasema sabini na mbili. Ya tatu niliona ishirini na sita, nikasema kumi na moja, bila kusita, kwa sauti ya mtu aliyekwenda shule. Niliona fahari kidogo. Ya nne haikuwa na namba kabisa, madoadoa matupu. Nikasema tisa.

Daktari kafunga kitabu taratibu. Akasema amewapima wengi wasioona namba, na hao anawaelewa. Ila anayeona zile zisizokuwepo, huyo hajui amwandike wapi. Akaniambia nirudi kesho nipimwe kwa taa, na nikishindwa basi, nafasi ni ya mwenzangu.

Kwa taa! Wimbo wa taa sina. Nikaingia chooni nikalia kidogo, kwa mpangilio, nikanawa, nikarudi kuosha vyombo. Kamba kapita dirishani akauliza kama aniletee fimbo nyeupe. Nikamwambia aniletee, nitajua pa kuitumia.

Nyumbani mume wangu kauliza mbona uso umeanguka. Nikasema usingizi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Niandike polepole, nisije nikairuka furaha.

Chumba chenye giza. Mwisho wa chumba, kitaa kidogo kama cha sindano. Nilijaribu kusikiliza pumzi za daktari ili nijue jibu. Daktari anapumua sawasawa siku zote, hasaidii. Mpango sikuwa nao. Nimebaki na macho yangu tu, kama maskini aliyebaki na shati lake la mwilini. Nikasema yanachokiona. Nyekundu. Kijani. Nyeupe. Kijani na nyekundu pamoja. Tukaenda hivyo mpaka mgongo ukalowa jasho.

Daktari kawasha taa ya chumba. Akasema sijakosa hata moja. Macho yangu ni mazima, angetamani yawe yake.

Nikakaa bila kukaribishwa. Akauliza sasa jana kulikuwa na nini. Nikaanza habari za mtoto na usingizi. Akanikatiza kwa upole, akasema zile namba za jana anazifahamu, ni za kitabu cha zamani, kilichakaa wakakitupa, na mimi ni mtu wa tano kuja kumsomea. Ila mimi ni wa kwanza kuzisoma kwa lahani. Akauliza nani aliniambia sijui rangi. Nikasema mume wangu. Daktari akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. Akaniambia nikampe mume wangu vibanio vya nguo avichague.

Nikafanya hivyo. Nikamwaga vibanio mezani, vyekundu na vya kijani, nikamwomba mume wangu avitenge. Alivitazama, akavirudisha vyote kwenye fungu moja kwa uhakika, akasema kazi imekwisha, mbona vyote ni vya aina moja. Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akaangalia vibanio, akaangalia mwanawe, akaangalia dari. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kaka yake naye alikuwa hivyo, walikuwa wakimchapa wakidhani ni ukaidi. Na kwamba yeye rangi za vitu alikuwa akiziona sawa na mimi, ila mama hamwumbui mwanawe mbele ya mkewe.

Miaka yote hiyo, mama huyu!

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Sikuweza. Mume wangu alikuwa akigeuza kibanio mkononi. Nikafahamu kwa nini anagonga mikate na kuisikiliza, badala ya kutazama kama imeshika rangi. Mwishowe akaniuliza lile gauni la siku ya kwanza lilikuwa la rangi gani hasa. Nikamwambia jekundu. Akauliza jekundu linafananaje. Nikafikiri sana. Nikamwambia ni kama joto la mlango wa tanuri unapoufungua. Akasema basi alikuwa sahihi kunifuata.

Leo nimelala mapema. Bosi pia. Moyo umetulia kama maji ya ndoo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mtihani wa kamba. Nilifika kabla ya watu. Kamba yangu ilikuwa kavu, nyepesi, safi. Ya Kamba ilikuwa imeviringwa pembeni, mwenyewe hayupo. Nikapata wazo. Kitu kikilowa kinakuwa kizito, na kizito hakiruki. Hii ni elimu ya nepi, haina haja ya chuo. Nikaichovya kamba yake kwenye beseni la vyombo, fundo na yote, nikaikamua kidogo, nikairudisha.

Kamba akarusha. Kamba ile ikaondoka kama mshale. Ikapita juu ya ukingo wa meli, ikapita sitaha, ikaenda kuanguka majini upande wa pili. Watu wakashangilia. Nikarusha mimi, na upepo ukaichukua yangu kama utepe wa nywele, ukanirudishia usoni. Mara ya pili nilitia hasira, ikafika ukingoni, mtu akaidaka kwa ncha za vidole.

Nahodha akaenda kupapasa kamba ya Kamba, ile ncha iliyobaki huku kwetu. Akasema aliyeilowesha anajua kazi, kamba kavu huchezewa na upepo, mabaharia wa zamani wote hulowesha. Akampongeza. Kamba, ambaye ubaya wake wote haufiki kwenye uongo, akasema si yeye. Akainusa. Akasema inanukia sabuni ya ndimu. Watu wote wakageuka kunitazama.

Nikasema ndiyo, ni mimi. Nahodha akauliza kwa nini nililowesha ya mwenzangu nikaacha yangu. Hapo nilidhani nimekwisha. Mdomo ukajisemea wenyewe kwamba kwenye tagi mtu humtazama mwenzake kwanza.

Kamba akafuta jicho kwa kiwiko, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita dada. Nahodha akasema ile tagi ya pili nayo imepungukiwa mtu tangu juzi, Kamba aende huko, mimi niende kwake. Sote wawili tumepata! Nimepumua mpaka vifungo vya blauzi vikalalamika. Mume wangu kaniokea mkate wenye umbo la tagi. Kaniambia kaupaka rangi. Ni ya buluu. Nimemwambia ni nzuri, na ni nzuri kweli.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Siku ya kwanza kwenye tagi. Nimesugua. Nimetapika kidogo, kwa adabu, upande usio na upepo. Tumeegemea meli moja kubwa na kuipeleka gatini bila mkwaruzo, na nahodha akaniruhusu nisimame nyuma yake kwenye usukani. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha nikamwuliza itachukua muda gani mpaka nahodha niwe mimi. Akasema saa za majini, mtihani, halafu nisubiri nafasi ya msaidizi wake iwe wazi. Nikamtazama huyo msaidizi. Kijana wa miaka thelathini na kitu, meno yote, haumwi popote, anaipenda kazi yake. Huyu hatoki leo wala kesho.

Ila hajaoa.

Ninaye binamu milimani, anafuga kuku, mcheshi, anatafuta mume, na ameapa hatahama kwake. Kutoka pale hata bwawa huoni. Nimempigia simu binamu, mama mkwe akiwa ameshamlaza Bosi. Nimemwambia nimempatia mtu mpole, msafi, anayejua kupika, na anayewapenda kuku kupita kiasi. La kuku sijamwuliza msaidizi.