Mabati ya Jumba la Pwani

Ijumaa, tarehe 5 Machi 1971. Asubuhi hiyo mbingu ilikuwa nzito, manyunyu yakaanguka kidogo yakaacha. Miraji alishuka basi Bububu kwa sababu mkaguzi wa tiketi alikuwa amepanda. Riziki za baadhi ya watu huanza hivyo.

Pwani hiyo zamani wageni wa meli walikuja kuogelea. Sasa mbuzi walilala juu ya mabenchi, na jumba la wageni lilibaki kuta na paa lililotoboka. Katika chumba cha nyuma aliishi Bi Khamisa, aliyelifagia kila siku baada ya sala ya alfajiri.

“Shikamoo, bibi. Nyumba ina mwenyewe?”

“Marahaba. Mwenyewe Mungu, mwanangu. Mie nafagia tu. Masika yakianza, paa hili litaniangukia. Miaka minne namwomba anipe jengine.”

Miraji alilitazama paa, akamkumbuka Hamoud wa mjini, aliyeficha uani mabati arobaini mapya. Mwaka ule bati lilikuwa halipatikani dukani hata kwa dua ndefu.

Jioni alikuwa kwenye baraza ya Hamoud, shati jeupe, faili kwapani. Ndani ya faili mlikuwa na gazeti la mwaka jana.

“Kampuni ya nje inataka kuifufua pwani,” alisema. “Hoteli, mikahawa, wageni meli nzima. Mimi ndiye wakala wao. Lakini wakilikuta jumba halina paa, watakwenda Mombasa.”

“Na mie nnapata nini?”

“Toa mabati, chumba kinachotazama bahari ni chako milele.”

“Kimoja?”

“Haya, viwili. Hamoud, wewe huwezekani!”

Hamoud alifurahi kwamba amemshinda mjanja. Akatoa sharti moja tu: makabidhiano yafanyike hadharani, Ijumaa ijayo baada ya sala, ili Miraji asije akakana. Miraji alikubali. Mnunuzi wa mabati angemngoja Mwanakwerekwe kesho yake, Jumamosi alfajiri, na meli ya Dar es Salaam ingeondoka adhuhuri.

Ijumaa ilipofika, gari la ng'ombe lilisimama mbele ya jumba, na msikiti mzima ukalifuata kuona mabati. Shekhe Mkubwa, imamu wao, alitangulia.

“Shuhudieni,” alisema Hamoud. “Mabati haya si yangu tena, ni ya Miraji. Vyumba viwili ni vyangu.”

“Nimepokea,” alisema Miraji.

Bi Khamisa akatoka na chetezo cha udi.

“Mabati ni yako, mwanangu?”

“Yangu, bibi.”

“Na ni ya nini?”

Watu wote walimtazama.

“Ya paa la nyumba hii.”

“Kwa ajili ya Mungu?”

Yako maswali ambayo mtu aliyetoka kusali Ijumaa ana jibu moja tu la kuyajibu.

“Kwa… ajili ya Mungu.”

“Sema wakfu, tusikie.”

“Wakfu,” alisema Miraji, kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba wa samaki.

Shekhe aliinua mikono, Fatiha ikasomwa, na mabati yakawa si ya mtu tena.

“Na vyumba vyangu?” Hamoud aliuliza.

“Vyumba?” Bi Khamisa alishangaa. “Jumba hili ni wakfu wa wasafiri tangu enzi za babu yangu. Hakiuzwi hata kizingiti.”

“Mbona hukusema?”

“Hukuniuliza. Ulimuuliza huyu.”

“Basi nayachukua mabati yangu!”

“Wakfu haurudi,” alisema Shekhe. “Si kwako wala kwake.”

Hamoud akamgeukia Miraji. “Kampuni iko wapi?”

Miraji alitazama baharini, kana kwamba ingetokea huko.

“Kampuni tutaingoja,” alisema Shekhe, “lakini mvua haitungoji. Nani atapigilia?”

Bi Khamisa alikuwa keshaingia ndani na kutoka na nyundo na kopo la misumari. “Nlinunua mwaka juzi,” alisema. “Nliomba kwa yakini.” Akamkabidhi Miraji.

Miraji akapanda ngazi iliyoegemezwa ukutani, na vijana wakampandishia mabati. Huko juu, kwa desturi ya wenye ndimi laini, akaweka mkono kifuani. “Naahidi mbele yenu nyote, siondoki hapa mpaka bati la mwisho.”

Hamoud akaiondoa ngazi ukutani, akaitia begani.

“Na mie naahidi mbele ya hawa hawa,” alisema. “Ngazi hii siirudishi mpaka nisikie msumari wa mwisho.”

Watu wakaitikia, “Amin.”