Maikrowevu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeiboresha maikrowevu! Hakuna aliyeniomba. Nimejituma mwenyewe.

Mlango wake ulikuwa unacheza, unalia tak-tak mtu akipita jikoni. Mke wangu anasema hajawahi kuusikia. Mimi nimeusikia. Nikachukua kadi moja kati ya zile mia mbili nilizochapisha (FUNDI BINGWA WA VIFAA VYOTE, na namba yangu ya simu), nikaikunja mara nne, nikaishindilia ndani ya tundu inamoingia kulabu ya mlango. Kimya! Mlango umebana kabisa! Sikuona haja ya kuijaribu mashine. Zimebaki kadi mia moja tisini na tisa. Mtu wa kwanza kufaidika nazo ni mimi mwenyewe, lakini si haba.

Jumanne, 4 Machi

Maikrowevu imegoma! Namba zinaonekana, taa ya ndani inawaka hata mlango ukifungwa, lakini ukibonyeza pa kuwashia, wapi. Sahani haizunguki. Ajabu kubwa, maana jana tu nimeiboresha.

Mke wangu ametoa habari mbili kwa mpigo. Ya kwanza: mama mkwe, ambaye ndiye aliyetuzawadia mashine hii, anakuja Jumapili kukaa mwezi mzima, na hunywa maziwa ya moto asubuhi na jioni. Ya pili: nikiitengeneza, mama atalala chumba cha watoto. Nikishindwa, ataitwa kaka mtu aitengeneze, nami nitaondoa vyuma vyangu kwenye chumba kidogo ili mama alale humo.

Vyuma! Ile ni karakana yangu! Mchana kutwa mimi ni karani wa masjala, nahamisha mafaili ya watu kutoka kabati hili kwenda kabati lile. Mle chumbani ndimo ninamojiona mtu. Na huyo kaka yake, yaani shemeji yangu, ndiye yule aitwaye Dakika Mbili, kwa sababu kila kinachonihangaisha wiki nzima yeye hukimaliza kwa dakika mbili, kisha huomba maji ya kunywa kana kwamba hakuna kilichotokea. Simpendi! Nimemwambia mke wangu asimsumbue ndugu yake. Nimeapa kabisa, mkono juu.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Nimekipata kitabu cha maelekezo. Kilikuwa chini ya mguu mfupi wa meza ya karakana. Kinasema mlangoni kuna swichi za usalama. Kulabu ikiingia sawasawa, inazibonyeza. Isipozibonyeza, mashine hudhani mlango uko wazi, taa ya ndani inabaki inawaka, na haikubali kupasha chochote. Nimeruka juu nikagonga rafu! Basi swichi imekufa! Nani mwingine angeligundua hilo?

Nikaomba ruhusa kazini (nimesema jino), mbio mpaka duka la vipuri. Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniuliza kama nimechungulia tundu la kulabu, maana mara nyingi kuna kitu kimenasa. Nikamjulisha kwamba anaongea na fundi. Nikampa kadi. Akaisoma pande zote mbili, akanirudishia. Kisha akanionya nisithubutu kufungua kasha la mashine, kwa kuwa ndani mna kitu kinachohifadhi umeme hata waya ukichomolewa, na kimeshawamaliza mafundi wa kweli. Wa kweli! Nilikasirika sana. Hata hivyo, kasha sitaligusa.

Nimenunua swichi. Sasa nina swichi safi mfukoni na sina pa kuitia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata wazo wakati napiga mswaki! Kama mlango haubonyezi vya kutosha, si niubonyeze mimi? Nikachukua mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki, nikauzungusha kwenye mashine mara tatu, nikavuta mpaka meza ikaguna. Mpira ulifyatuka. Ulipita sikioni kwangu, ukaangusha chupa ya chai, ukatua ndani ya sufuria ya maharage. Mke wangu akauliza kutoka sebuleni kama bado ninapumua. Nikajibu kwamba niko katikati ya majaribio. Akasema chupa ile ilikuwa ya harusi yetu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo akili imechemka! Jirani yetu wa chini, Mama Saluni, ana maikrowevu pacha na yetu, rangi ileile. Nikamshukia na kadi, nikamwambia natoa huduma ya bure kwa wateja wapya. Akanirudishia kadi. Kisha akanipa mashine, ila akataka irudi kesho kabla ya saa sita, kwa vile Jumamosi wateja humjaa. Yetu nimeificha uvunguni. Yake nimeiweka mahali pake.

Mke wangu akabonyeza. Sahani ikazunguka! Akanitazama kama enzi za uchumba, akasema alikuwa amenidharau bure. Moyo ulinidunda kwa furaha. Karakana imepona! Kesho nitamwambia Mama Saluni bado naipima. Nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Sikufikiria kila kitu. Mama mkwe amekuja leo asubuhi, siku moja kabla, kwa sababu Dakika Mbili alipata nafasi ya kumleta kwa gari lake. Mke wangu akapasha maziwa kwa madaha. Mama mkwe akapiga funda moja, akauliza ni maziwa gani haya yanayonuka mafuta ya nywele. Kabla sijamsingizia ng'ombe, hodi! Mama Saluni, mkono kiunoni. Akaeleza kwamba wateja watatu wamekaa na vichwa vibichi, na anataka mashine yake ya kupashia taulo na mafuta. Alieleza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mke wangu akaenda moja kwa moja uvunguni, akaivuta yetu.

Dakika Mbili hakucheka. Ndiyo tabia yake mbaya. Alihakikisha waya haujachomekwa, akamulika tundu la kulabu kwa simu, akaazima kibano cha nyusi cha Mama Saluni, akavuta. Kikatoka kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Mama mkwe, ambaye tayari alikuwa amevaa miwani, akakikunjua na kukisoma: Fundi Bingwa wa Vifaa Vyote. Kisha namba yangu ya simu, tarakimu zote. Mashine ikawaka. Shemeji akaomba maji ya kunywa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kadi mama mkwe ameitia kwenye pochi yake.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia kwenye ngazi. Nyundo na bisibisi ziko kwenye ndoo kando yangu. Karakana ina kitanda na mashuka ya maua. Nimeumia, sidanganyi. Nilikaa hapa kama nusu saa bila wazo hata moja.

Lakini! Asubuhi mama mkwe alimwambia binti yake kwamba mlango wa chumba chake unagongagonga kwa upepo. Hakuniambia mimi, ila masikio ninayo. Mke wangu ametoka. Mama mkwe amejipumzisha humo ndani. Nikakunja kadi nne, nikazishindilia kati ya mlango na fremu, mbili juu, mbili chini, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Kimya! Umebana kabisa! Zimebaki mia moja tisini na tano.

Sasa haufunguki, lakini hilo ni jambo dogo, mpira wa mizigo ninao. Mama mkwe ameamka. Anaupiga mlango kutoka ndani kwa viganja vyote viwili, bila kupumzika. Sikutegemea makofi mapema hivi!