Dola Thelathini na Nne Nisizoulizwa

Jumatatu, 4 Machi
Dada Loretta kanipa hadi Jumamosi. Nipate kazi ya maana au nitoke kwenye kochi lake! Sawa tu. Duka kubwa la magodoro Mtaa wa Broad linatafuta meneja, na huyo meneja ni mimi. Gerard, muuzaji mwenzangu hapa kwenye kiduka cha magodoro cha mzee Kowalczyk, naye ameomba. Maskini Gerard! Kaniambia sheria ya Philadelphia inawakataza waajiri kumuuliza mtu analipwa kiasi gani alipo, kwa hiyo yeye atakaa kimya. Kaa kimya, baba. Kama hawaruhusiwi kuuliza, watajuaje kwamba nadanganya?

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi mbele ya kioo. Nalipwa dola kumi na nane kwa saa. Nikajaribu kutamka ishirini na tano. Ndogo mno, aibu! Thelathini na nne ikatoka vizuri, hasa nikiinua nyusi. Loretta akapita, akauliza kama nimerukwa na akili. Hajui biashara huyu.

Jumatano, 6 Machi
Usaili. Bi Abernathy wa duka kubwa akauliza kuhusu uzoefu, akauliza kuhusu wateja wakorofi. Mshahara, kimya! Nikakohoa. Mwisho nikajitosa: nalipwa thelathini na nne. Akainua mkono haraka, eti hilo sijakuuliza kaka yangu, wala siruhusiwi. Nikamwambia asijali, nasema kwa hiari yangu. Nikarudia kwa sauti. Akasema basi, kwa kuwa nimetaja mwenyewe, sheria inamruhusu kuhakikisha kwa mwajiri wangu. Nikasema hewala, nikampa na namba ya simu ya mzee! Maneno ya kiofisi hayo, huwa wanayasema tu.

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe kapiga simu kweli! Mzee Kowalczyk alicheka mpaka akaangukia godoro la maonyesho. Kisha akatambua kwamba kumbe natafuta kazi kwingine. Akaacha kucheka. Sina kazi.
Umeneja kapata Gerard. Aliulizwa tu anataka kiasi gani, akasema thelathini, wakampa. Inaniuma, nasema kweli. Akanishika bega, eti pole, Vince. Pole yako mwenyewe!

Jumamosi, 9 Machi
Begi langu liko kwenye ngazi za mlangoni, nami kando yake. Baridi! Lakini nimetafakari, na kosa nimeliona: niliwapa namba ya simu ya mtu asiyenipenda. Jumatatu nina usaili duka la mazulia. Nitataja dola arobaini, kwa hiari, kabla hata sijakaa. Na wakipiga simu kwa mwajiri wangu wa zamani, atakayejibu ni Loretta. Damu ni damu, hawezi kuniangusha. Nitamweleza akishafungua mlango.