Juu ya Bati la Mama Mkwe

Jumanne, 3 Juni 2025
Saa nne asubuhi. Jua kali, wingu hakuna. Hata hivyo mashine ya kunyolea imezimika katikati ya kichwa cha Katekista Fideli. Kushoto safi, kulia msitu. Akauliza kwa upole kama nitamalizia leo au Krismasi. Nikampa kofia yangu ajisitiri. Akavuka barabara kwenda kwa Danstan, na kofia yangu! Ni wa nne wiki hii. Wakiendelea hivi, hapa Kasulo atabaki kinyozi mmoja, na si mimi.

Paneli yangu ya sola ina miezi minane tu tangu niinunue Kabanga. Nimebandua lebo ya wati 200. Chini yake kuna lebo nyingine: wati 50. Nimeirudishia ile ya juu kwa gundi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekwenda Rulenge kwa mama mkwe. Paneli yake iliwekwa na marehemu baba mkwe mwaka 2001. Kioo kimefifia, mbayuwayu wamejenga chini yake. Nimepima kwenye waya unaoingia sebuleni: ampea 3.9! Yangu jana: 0.8. Nimepima mara tatu. Nimeona wivu.

Kwa adabu yetu mama haongei nami ana kwa ana. Maneno hupitia kwa shemeji Jovitha. Nikamwomba Jovitha amwambie kuwa paneli ya miaka ishirini na minne imechoka, ni hatari, na mimi kwa upendo nitamletea yangu, mpya kabisa. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, amenipa mgongo. Akajibu: mwambie paneli hii ni kubwa kuliko ndoa yake, na haijawahi kuja hapa kulalamika.

Jovitha alicheka mpaka akapiga chafya. Sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 8 Juni
Mpango. (a) Leo Pentekoste, misa ni ndefu. (b) Ngazi iko nyuma ya jiko. (c) Kubadilisha paneli: dakika arobaini. Najua mkwe wa kiume hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe. Ni mwiko. Lakini mwiko bila shahidi ni mwiko gani?

Saa tatu nilikuwa juu na paneli yangu. Bolti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Kumbe mama alisali misa ya kwanza! Akaingia na Jovitha, akatandika mkeka uani, akaanza kupepeta maharage. Nikalala kifudifudi. Bati likanichoma tumbo. Mbayuwayu wakanishambulia kisogo. Kushuka mbele yake siwezi, kukohoa siwezi. Saa sita nikakohoa.

Mama hakuinua macho. Akamwambia Jovitha: mwambie huyo ndege mkubwa, maadamu ameshapanda, akaze bolti na afute vumbi.

Nilikaza. Nilifuta kwa shati langu la kanisani.

Jumatatu, 9 Juni
Kikao cha ukoo. Faini: mbuzi mmoja na madumu mawili ya pombe ya ndizi. Paneli yangu imebaki kule. Mama anaanikia maharage juu yake. Jovitha ameleta habari, kwa furaha isiyo ya lazima, kwamba ile kuukuu baada ya kufutwa inatoa ampea 4.3. Mke wangu Ernesta anasema kinyozi asiye na umeme ni mtu mwenye kiti tu.

Jumatano, 11 Juni
Nimenyoa kwa mkasi kutwa nzima. Wateja: mmoja. Mimi mwenyewe.

Jioni Danstan alikuja kunipa pole, amevaa kofia yangu. Akajisifu kuwa paneli yake ni ya marehemu babu yake, ya mwaka 1998, na haijawahi kuguswa na fundi.

Nimetafakari kwa utaratibu. Kosa langu lilikuwa moja tu: nyumba. Danstan si mkwe wangu. Juu ya bati lake hakuna mwiko. Safari hii nimeuliza mapema: anasali misa ya pili. Ngazi amekubali kuniazima yeye mwenyewe. Akataka kujua ni ya kazi gani.

Nikamwambia: mbayuwayu.