Kazi Isiyo na Kiboko

Jumatatu, 2 Septemba 1912

Siku kubwa! Leo baada ya sala Mchungaji ametangaza kwamba Jumamosi Wakristo wote wa Ikombe, kijiji chetu cha ziwani, watajitolea. Chemchemi yetu imekanyagwa na ng'ombe mpaka imekuwa tope. Watoto wanaumwa matumbo, na mvua zikianza mambo yatakuwa mabaya zaidi. Kwa hiyo wanaume watachimba mfereji na kujenga ukingo wa mawe, wanawake watapanda miche kuizunguka chemchemi. Mzee Nsajigwa akauliza hii kujitolea ni kazi ya akida au ya nani. Mchungaji akajibu kwamba ni kazi ya hiari, kazi isiyo na kiboko. Watu wakapumua. Wengi hapa bado wana alama za kiboko mgongoni kutokana na kazi za Boma.

Lakini subiri! Siku hiyohiyo wanafunzi watafundishwa nje, kando ya ziwa: ndege, samaki, miti. Atahitajika mwalimu mmoja. Mwalimu huyo hatachimba.

Lazima niwe mimi.

Kikwazo ni Enoki, mwalimu msaidizi mwenzangu, mtu wa Bujonde. Anajua jina la kila ndege. Anapiga mluzi na ndege wanamjibu. Kumsikiliza hakuchoshi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Na kuna jambo jingine. Nimemposa Neli. Mama yake, Damari, mfinyanzi wa vyungu na mkuu wa akina mama wote wa hapa, amesema atanitazama Jumamosi ndipo atoe jibu. Nikiwa na jembe mkononi sipendezi. Najijua.

(Naandika Kiswahili nilichojifunza shule ya serikali. Lazaro, mvuvi ninayekaa naye nyumba moja, anasoma Kinyakyusa na ni mdadisi kupita kiasi.)

Jumanne, 3 Septemba

Nimemwendea Mchungaji asubuhi. Nimemwambia kwamba yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe ananifahamu. Nikimwita anakuja.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe.

Mchungaji amestaajabu. Amesema nikimleta tai karibu watoto wamwone, somo la nje ni langu. Kesho mchana nijaribiwe. Enoki alikuwa amesimama mlangoni. Alikohoa. Kikohozi cha dharau!

Nimeweka samaki juu ya kisiki ufukweni nikaanza kuita. Njoo, tai! Njoo, rafiki yangu! Tai alikuwa kwenye mti mkavu, akinitazama kwa jicho moja. Akajikung'uta manyoya. Akaruka, akashuka majini, akakamata samaki wake mwenyewe mbele ya macho yangu, akaenda zake. Ndege mwenye majivuno. Sishangai kwamba Enoki anampenda.

Nimewaacha samaki palepale. Njaa itamrudisha.

Jumatano, 4 Septemba

Asubuhi samaki hawapo! Nimecheza peke yangu ufukweni. Nimeweka wengine. Nikaita kwa sauti.

Matete yakatikisika. Akatoka fisi maji, kanona, masharubu yanametameta. Nyuma yake mkewe. Nyuma ya mkewe watoto. Wakala wakamaliza, wakanilalamikia kwamba hawajashiba. Nimewaamuru warudi kwao. Wamenifuata mpaka nyumbani. Samaki wote wakavu wa Lazaro wamekwisha. Lazaro amesema maneno ambayo siwezi kuyaandika hata kwa Kiswahili.

Mchana, mtihani. Mchungaji yupo, Enoki yupo, shule nzima ipo. Nimeita tai. Familia ya fisi maji ikatoka mbio, ikanizunguka miguuni. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Nikaeleza kwamba hii ndiyo sehemu ya kwanza ya somo. Mchungaji akaniuliza sehemu ya pili ni ipi. Nikasema nitamjulisha.

Enoki atafundisha. Mimi nitabeba mawe.

Mawe!

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepata! Siku nzima jana nilikuwa na huzuni, leo naimba.

Sikiliza, ewe karatasi. Kesho Enoki atakuwa ufukweni na watoto. Ghafla, kiboko anaibuka kwenye matete! Enoki atakimbia. Huko kwao Bujonde wanalima mpunga, kiboko ndiye adui wao mkubwa, lazima atakimbia. Ndipo mimi natupa jiwe langu chini, nashika fimbo, namfukuza yule mnyama hadi kilindini. Neli anaona. Damari anaona. Posa imekubaliwa.

Kiboko ni Lazaro. Alikataa, kwa sababu ya samaki. Nikamwahidi jogoo wangu. Akakubali. Atajipaka tope jeusi mwili mzima. Kichwa kilinisumbua, pamoja na sauti, mpaka nikakumbuka: chungu kikubwa! Ukikivaa kichwani na kunguruma ndani yake, hata mimi ninayejua naogopa.

Nimekwenda kuazima chungu kwa Damari. Nimemwambia nataka kuwapikia maharage watu wa kujitolea. Alinitazama kwa muda, kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu anijue. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru, na akanichagulia kile kizuri kuliko vyote, ambacho kilikuwa bado hakijawahi kuona moto wa jikoni.

Nilichomwa kidogo moyoni. Nilipofika njia panda, nikapoa.

Jumamosi, 7 Septemba

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Watu walijaa. Wengine walitoka vijiji vya mbali kwa mitumbwi, wakiimba. Wanaume wakachimba, wanawake wakapanda. Mimi nilibeba mawe nikiwa nimevaa kanzu yangu nyeupe, maana nilitaka nionekane vizuri saa yangu ikifika. Enoki akawakalisha watoto mchangani, akapiga mluzi, na mdiria, yule ndege mvua samaki, akaja akatua kwenye kafi ya mtumbwi. Watoto hawakupumua. Inachukiza.

Kufikia mchana mambo yote yalikuwa tayari. Ukingo umesimama, mfereji unapitisha maji, miche imesimama mstari mzuri kama wanafunzi. Neli akapanda mche wa mwisho, akaushindilia udongo kwa viganja.

Kiboko hajatokea. Baadaye nimejua kwamba Lazaro alikuwa amelala kwenye matete.

Watu wakaanza kukusanya majembe. Nikakohoa ile ishara yetu. Nikakohoa tena kwa nguvu. Damari akaniuliza kama naumwa kifua.

Ndipo matete yakapasuka. Kitu cheusi, kikubwa, chenye kichwa cha mviringo, kikainuka na kunguruma. Wallahi nami nilisahau ni Lazaro!

Kelele! Mzee Nsajigwa alikuwa wa kwanza kutoka mbio, akipaza sauti, "Mchungaji alisema hakuna kiboko! Alisema hakuna kiboko!" Na watu wote wakamfuata, na njia ya kukimbilia ilikuwa moja tu, kupitia chemchemini. Wakapanda ukingo. Ukingo ukaanguka. Miche ikalala. Mfereji ukafukiwa. Kazi ya asubuhi nzima!

Na Enoki hakukimbia. Aliwasogeza watoto wote nyuma ya mtumbwi mkubwa uliokuwa nchi kavu, akasimama mbele yao, hakuondoka.

Mimi nikashika fimbo, nikaruka mbele, nikakanyaga kanzu yangu, nikaanguka kifudifudi kwenye tope la chemchemi. Nilipoinua uso, nikamwona Neli. Ameshika kafi. Anaingia majini.

"Neli!" nikapiga kelele. "Usimpige!"

"Kwa nini?" akauliza bila kugeuka.

"Ni... ni mpole!"

Akapiga. Chungu kikapasuka vipande viwili. Ndani yake alikuwa Lazaro.

Waliokuwa wakikimbia wakasimama, wakageuka.

"Nataka na kuku jike," akasema Lazaro, akishika kichwa.

Damari akashuka majini polepole. Akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye nakshi.

"Hiki chungu nimekifinyanga mimi," akasema. "Maharage yako wapi, Mwalimu?"

Jumapili, 8 Septemba

Mahubiri yalikuwa juu ya uongo. Mchungaji hakunitaja. Hakukuwa na haja, kanisa zima liligeuka kunitazama.

Hukumu: chemchemi nitaitengeneza mimi, kwa mikono yangu, hadi iwe kama ilivyokuwa. Lazaro ana nundu na hanisalimii. Damari ameninyima hata kunitazama. Neli alipita akiwa amefunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika. Alikuwa ama analia ama anacheka. Nimeamua alikuwa analia, kwa kunionea huruma.

Jumanne, 10 Septemba

Malengelenge mikononi. Mgongo umekuwa wa mtu mwingine. Nachimba, udongo unarudi. Napanga mawe, yanaporomoka. Hakuna anayesaidia, na sina uso wa kuomba.

Alasiri alikuja Marta, mtoto wa darasa la kwanza, na kimtungi chake. Akaona tope. Akakaa juu ya jiwe, akaniuliza, "Mwalimu, maji yatakuwa tayari lini?" Nikamuuliza kwa nini hakwenda kuchota ziwani kama wengine. Akasema mdogo wake amekunywa ya ziwani na tumbo linamuuma, ndiyo maana mama amemtuma huku.

Nikashika jembe tena.

Nimechimba mpaka sikuweza kuiona tena ncha ya jembe kwa giza.

Jumatano, 11 Septemba

Enoki amekuja na jembe lake. Sikumwita. Nimemuuliza kwa ukali anataka nini. Amesema anataka maji.

Tumefanya kazi bila kusema. Kumbe mawe makubwa yanakaa chini na madogo juu, mimi nilikuwa nimepanga kinyume. Wakati wa kupumzika akajaribu kunifundisha mluzi wa mdiria. Nilipopiga, ndege wote wa eneo lile walihama. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nimemuuliza kama hakuogopa siku ile. Akasema aliogopa karibu afe, ila watoto walikuwa wengi na yeye alikuwa mmoja, aibu ingekuwa kubwa kuliko kiboko.

Nimeanza kumpenda. Inaudhi.

Jioni Neli alileta miche mipya na ndizi za kuchoma. Aliketi, akanitazama, akaanza kusema jambo, akacheka mpaka machozi. Kwa hiyo Jumapili alikuwa anacheka. Sawa. Anapendeza akicheka.

Ijumaa, 13 Septemba

Maji yametoka! Safi, baridi, yanaonyesha kokoto chini. Marta amechota wa kwanza. Amekunywa, akasema hayana ladha ya kitu chochote. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani.

Watu wakaja mmojammoja kutazama. Mzee Nsajigwa alikanyaga ukingo kwa nguvu, ukakaa. Lazaro alikuja kujitazama nundu yake majini. Amenisalimu, "Ugonile," kidogo tu, lakini amenisalimu.

Mwisho akaja Damari. Akateka kwa kiganja, akaonja, akatema, akaonja tena.

"Mwenye kiboko simpi binti yangu," akasema. "Aliyejenga ukingo huu, waambie wazee wake waje tuzungumze. Nikimwona tena yule wa kwanza, chungu kitakachofuata nitakipasua mwenyewe, na sitauliza nani yumo ndani."

Nimeapa mbele yake, mbele ya Neli, mbele ya Enoki: hila basi! Kuanzia leo nitasema ninachokijua na kufanya ninachoweza. Nimekuwa mtu mpya. Najisikia mwepesi.

Jumapili, 15 Septemba

Leo Mchungaji amefurahi sana na jinsi chemchemi ilivyo. Ametangaza kwamba mwezi ujao tutakwenda Bujonde, watu watajitolea kutundika mizinga, na watoto watafundishwa habari za nyuki, kwa macho yao wenyewe. Akauliza nani kati yetu anawajua nyuki.

Hakuna aliyeinua mkono. Neli alikuwa ananitazama.

Nimesimama. Nimesema katika ukoo wetu nyuki ni kama watoto wa nyumbani, hawajawahi kutuuma tangu enzi za babu. Watu wakanong'ona kwa mshangao. Damari akafumba macho. Enoki akanivuta kanzu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi hata kugusa mzinga. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Sijawahi. Lakini nimefikiri jambo hili mchana wote, na ni rahisi mno, nashangaa hakuna aliyeligundua. Siku hiyo nitajipaka asali mwili mzima. Nyuki watanusa, watanidhania mimi ndimi mzinga. Na nani atakayeiuma nyumba yake mwenyewe?