Klasi Iliyopotea Mweso

Jumatatu, 16 Julai 2012

Mvua tangu asubuhi. Leo tumeweka programu yetu kwenye seva ya biro, ofisi yetu; ni ile ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani. Ukurasa wa kwanza ulifunguka vizuri, na rangi ya kijani niliyoichagua mimi. Papa Barthélemy, mkurugenzi wetu, akafurahi. Kisha akabonyeza "Tafuta". Skrini nzima ikajaa maandishi mekundu: klasi haipatikani.

Nikamweleza kwamba klasi ni kipande cha programu, na seva imekitafuta ikakikosa. Papa Barthélemy alikuwa mwalimu Kashebere kabla ya kuja Mweso. Akatazama nje.

"Mimi najua klasi ya kupotea," akasema. "Ya kwangu iliingia mu pori asubuhi moja, watoto wote. Wengine niko nawatafuta mpaka leo."

Nikasema hii yetu ni virusi.

Akasema atakayeitengeneza ndiye atakuwa shefu wa informatiki, mkuu wa mambo ya kompyuta. Tuko wawili tu, mimi na Kaswera, binti wa mfanyabiashara wa Butembo. Kaswera husoma kila kitu mpaka mwisho, hata karatasi ya sabuni. Simwogopi.

Jumanne, 17 Julai

Nimezima seva, nimeiwasha. Bado. Nimeizima tena na kungoja zaidi, labda ilikuwa imechoka. Bado.

Nikawaza. Kwenye kompyuta yangu utafutaji unakwenda bila shida. Basi klasi iko kwangu, ila sijui iko ndani ya faili gani. Kumuuliza Kaswera? Hapana. Nikachukua maktaba zote za programu nilizonazo, faili za vipande vilivyoandikwa tayari, za zamani na mpya, nikazimwaga kwenye seva. Sasa seva yenyewe haikuamka.

Kaswera alisema, bila kuinua macho, kwamba toleo la zamani na toleo jipya la maktaba moja hugombana. Akaniomba tusome pamoja logi, ile taarifa ndefu ambayo seva huandika ikianguka. Kwa kawaida sababu yenyewe iko chini kabisa, alisema. Nilimjibu nina mbinu zangu. Nikaondoa zile nilizokumbuka. Seva ikaamka, na ugonjwa wake wa jana.

Muda wote huo Mama Nyirabagenzi alikuwa kwenye benchi letu. Ni mkimbizi kutoka Ngungu. Alipotezana na binti yake, Falone, siku walipokimbia risasi. Nilimwambia arudi kesho. Akasema watu wenye bunduki pia humwambia amani ni kesho.

Jumatano, 18 Julai

Wazo la ajabu! Kosa likionekana, ni kosa. Je, lisipoonekana? Nimeandika mistari michache. Seva ikishindwa kutafuta, ukurasa usionyeshe maandishi mekundu, uandike tu kwa adabu: Hakuna aliyepatikana.

Papa Barthélemy amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kaswera aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Wivu.

Mama Nyirabagenzi alikuwa wa kwanza. Nikaandika jina la binti yake, nikabonyeza. Hakuna aliyepatikana. Nikamsomea.

"Ilitafuta muzuri, papa?"

"Muzuri kabisa, mama."

Akakaza kitenge chake. Akasema basi atarudi Ngungu kwa shemeji zake waliobaki, waketi matanga, maana hata kulia alikuwa amejizuia. Akaniaga kwa heshima sana.

Sikula mchana. Nadhani ni maharagwe ya jana.

Alhamisi, 19 Julai

Kaswera ametafuta jina lake mwenyewe. Sote watatu wa biro tuliandikishwa kama jaribio, kwa hiyo lazima tuwemo. Hakuna aliyepatikana. Akatafuta la Papa Barthélemy, kisha langu.

"Constantin," akasema, "hata sisi hatuko."

Papa Barthélemy akaja kusimama nyuma yetu. Kaswera akafungua logi, akashuka mpaka chini, akaweka kidole. Klasi iliyokosekana ni ile ya kulinganisha majina, maana kila mwandishi huandika jina la mtu kwa masikio yake. Inakaa ndani ya faili moja ya maktaba. Mimi, nilipofungasha programu kuipeleka kwenye seva, niliiamuru faili hiyo ibaki nje, nikiamini seva inayo tayari. Seva haikuwahi kuwa nayo.

Kaswera akafagia takataka nilizomwaga Jumanne, akafuta mistari yangu ya adabu, akaweka ile faili moja ndani ya programu, akawasha upya. Akaandika Falone.

Phalone, mama yake Nyirabagenzi, wa Ngungu. Anaishi Kashebere, kwa Mama Annonciata, mkulima wa kando ya msitu. Mzima.

Nikakimbia bila koti. Mama Nyirabagenzi alikuwa bado barabarani, anangoja moto, pikipiki ya kwenda Kitshanga, kichwa amekifunga kitambaa cha msiba. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: Falone yuko, yuko Kashebere, jana mashine ilikuwa mgonjwa.

Akaketi juu ya mzigo wake. Kisha akanitazama.

"Mashine haina kinywa," akasema. "Ni wewe njo uliniambia."

Akafungua kitambaa polepole, akaniuliza njia ya Kashebere iko namna gani siku hizi. Nikambebea mzigo mpaka biro, ili Papa Barthélemy amtafutie gari.

Jumamosi, 28 Julai

Habari kutoka Kashebere: mama na binti wako pamoja. Papa Barthélemy alitoka nje ili tusimwone uso.

Kaswera ndiye shefu. Nimempongeza, karibu kwa moyo wote. Ameenda Goma kwa mafunzo, na biro iko mikononi mwangu.

Nafasi yenyewe hii! Wenzetu wa biro ya Walikale wanataka nao waweke programu, lakini mtandao wao ni dhaifu na programu yetu ni nzito. Nimeifungua, nimekuta humo faili kadhaa ambazo sijui zinafanya kazi gani. Nimezitoa. Sasa ni nyepesi sana, Kaswera atashangaa. Nimeituma mchana huu, nikazima simu. Mtu aliyefanya kazi nzuri hivi anastahili kupumzika.