Uvimbe wa Mwenyekiti Waombewa Kibali

Kwa fahari kubwa, wakazi wa Arusha walitangaziwa kuzaliwa kwa Kamati ya Kuratibu Vitu Vinavyotoka Vichwani. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Ezra Yiamat, alisoma tangazo mwenyewe ukumbini Themi, na makofi yakapigwa kwa mujibu wa ratiba.

Chanzo kilikuwa Dakta Paskalina, mpasuaji wa ubongo, aliyekuwa akihifadhi vipande vya uvimbe wa wagonjwa wake kwenye friza ili achunguze seli shina zake. Mwenyekiti alikwenda kumhoji.

"Hizi seli zina wadhifa gani?"

"Ndizo zinazoufufua uvimbe, mheshimiwa. Ni kama mgomba: ukate juu, uache kitako ardhini, utachipua tena. Tukizielewa, tutajua namna ya kuzing'oa."

"Zinachipua bila kibali?"

"Bila kibali."

Hilo lilimchoma Ezra. Katika utumishi wake hakuwahi kuona kitu kikikua bila kikao. Siku hiyohiyo akapitisha kanuni: kisitolewe chochote kichwani mwa mkazi pasipo azimio la kamati. Soila, muuza ndizi wa Sokon I aliyekwishalazwa asubiri upasuaji, akashauriwa aendelee kuumwa kwa wastani.

Mwezi haukuisha, Ezra akaanza kuona wajumbe wawiliwawili. Mwanzoni alifurahi, maana akidi ilitimia haraka. Kisha akaanguka akifungua semina Makumira. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe mkubwa kama limau.

"Nipasue leo, mwanangu," alimsihi Dakta.

"Kanuni, mheshimiwa."

Kamati ikaitwa wodini. Katibu, Bwana Elihuruma, akakohoa kwa heshima.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kwa kuwa kichwa kinachojadiliwa ni chako, una mgongano wa maslahi. Tunaomba utupishe."

Kitanda kikasukumwa koridoni.

"Elihuruma! Naivunja kamati!"

"Mgonjwa ametoa maoni," ikasikika sauti ya Katibu. "Yaingie kwenye mengineyo."

Mkewe, Silantoi, alikuwa amesimama kando, ameshika viatu vya mumewe. "Si uliwafundisha mwenyewe, Baba Esther? Wanafanya vizuri."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Ezra, hofu ya kweli. Akamshika mkono Dakta, aliyemfuata koridoni.

"Hakuna mlango wa nyuma?"

"Upo wa mbele. Nawapasua wagonjwa wangu wote wawili leo, kamati iseme itakachosema. Lakini Soila anatangulia."

Ezra akamtazama yule mama, amelala kitanda cha pili palepale koridoni, khanga imemfunika mpaka kidevuni. "Atangulie," akasema. "Nitasubiri."

Alipozinduka, kichwa kilikuwa kimefungwa bandeji, na Katibu alikuwa mbele yake, mmoja tu, amenyoosha tai.

"Hongera, mheshimiwa, kikao kimemalizika. Ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji hakuhudhuria. Kamati inaagiza uvimbe urudishwe kichwani mara moja."

Dakta Paskalina akamgeukia mgonjwa, uso haucheki.

"Uko kwenye friza, mheshimiwa. Niulete?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie madarakani, Ezra Yiamat akauliza rufaa inakatwa wapi.